Niliandika Kuwa Imefungwa

Mshangano, Songea
Jumapili, baada ya misa

Otilia mwanangu,

Hali yako siulizi, maana naijua. Umekunywa chai ukiwa umesimama kama mtu anayekimbizwa, umekwenda misa ukasinzia wakati wa mahubiri, na sasa baba yako amekupeleka Matogoro ukamuage bibi. Hamtarudi mapema. Bibi yako hamwachii mtu mpaka ale mara mbili. Nyumba ni tupu, nimekaa mezani kwako, na nimechukua karatasi zako bila kuomba. Nisamehe hilo kwanza, ni dogo.

Mambo ya kufua, kula, kusali na kuchagua marafiki sikuandikii. Nimeyasema miaka kumi na tisa, na kama hayakuingia kwa mdomo hayataingia kwa kalamu. Nataka kukuandikia kuhusu Rehema.

Wewe unamwita Mama Mdogo. Kesho unaondoka kwenda Dar es Salaam kukaa kwake na kusoma kompyuta kwenye chuo anachofundisha. Tangu barua yake ya kukuita ifike, nyumba hii haina habari nyingine. Mama Mdogo kasema hivi, Mama Mdogo ana mashine nne, Mama Mdogo anakuandalia chumba. Baba yako anacheka, mimi nacheka nanyi, kisha naingia jikoni kugombana na masufuria. Mlidhani nimechoka. Ni wivu, Otilia. Ulianza zamani sana, na nimeuita majina mengi ili nisiuite jina lake.

Wewe ulipopata akili ulinikuta mtu wa kompyuta, ukadhani nilizaliwa nazo. Nilianza kwa taipureta, kwenye ofisi ya ushirika, na vidole vyangu vilisifiwa. Soko huria lilipokuja, nafasi za wapiga chapa zikapungua, na wanunuzi binafsi wakaanza kuja kutafuta korosho za Tunduru. Mmoja wao alifungua ofisi hapa mjini na kuleta seva, ile kompyuta kubwa iliyotunza mafaili ya ofisi nzima. Walipouliza nani ataweza kukaa nayo, watu wote walitazama viatu vyao. Mimi nilikuwa na kiburi kuliko woga, nikasema nitakaa nayo.

Nilijifunza kwa kitabu cha Kiingereza na kamusi, ukurasa mmoja kwa siku tatu. Nilifuta vitu ambavyo havikupaswa kufutwa, nikalia chooni, nikavirudisha. Miaka minne chumba kile kilikuwa changu. Ufunguo wake niliuvaa shingoni pamoja na medali ya Bikira Maria, na meneja mwenyewe alikuwa anabisha hodi kabla ya kuingia. Hujui utamu wa jambo hilo kwa mwanamke aliyezoea kuitwa kwa kengele.

Mwalimu wangu wa pili alikuwa umeme. Miaka ile umeme wa Songea ulitoka kwenye majenereta ya mafuta, na ulikatika ulivyotaka, hasa mvua za kwanza zikianza. Betri yetu ya akiba ilikuwa imezeeka, haikufikisha hata robo saa. Kwa hiyo seva ilikuwa inazimika na kuwaka tena, wiki nzima. Na mimi niligundua kitu ambacho sikuwa nimekiona kitabuni. Seva ikiamka haikumbuki ulichoiambia jana. Inasoma orodha yake ya kazi za kuanza nazo, na kila huduma iliyoandikwa humo inaiwasha, upende usipende. Ukizima huduma bila kuifuta kwenye orodha, umeizima mpaka umeme utakapokatika, basi.

Ndiyo maana nilikuwa na desturi yangu. Nikifunga kitu, niliizima seva yenyewe, nikaiwasha upya, ndipo nikaenda kwenye kompyuta ya chumba kingine kukagua kama kweli kimefungwa. Desturi hiyo sikumwandikia mtu wala kumsimulia mtu. Niliona ni mali yangu, na mtu akiwa na mali chache huzificha.

Halafu akaja Rehema. Mtoto wa Namasakata, kijiji cha huko Tunduru, amesomea Dar es Salaam, begi moja na cheti kimoja. Alinizidi kwa elimu, nikamzidi kwa miaka tisa. Asubuhi ya kwanza alipiga goti kidogo akasema, "Shikamoo dada." Niliitikia marahaba kwa sauti ya juu, ili ofisi nzima isikie nani mkubwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Mimi sikupona, niliugua palepale.

Nakiri hakunifanyia ubaya. Hilo ndilo liliniuma zaidi. Angekuwa na maringo ningemchukia kwa raha. Lakini alikuwa ananiuliza, ananisifu mbele ya meneja, ananiletea korosho za kwao alizokaanga mwenyewe. Na kila kitu nilichokipata kwa miaka minne ya kamusi, yeye alikijua kwa jina lake na sababu yake. Mimi nilijua kwamba ukibonyeza hapa inatokea kule. Yeye alijua kwa nini. Meneja akaanza kubisha hodi na kusema, "Rehema yupo?"

Sasa tufike kwako. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Ukitoka shule ulikuja ofisini kunisubiri turudi wote. Mimi nilikukalisha kwenye benchi la koridoni, mikono mapajani, usiguse kitu. Siku moja natoka kwa meneja nakukuta umekaa kwenye kiti cha Rehema, miguu haifiki chini, uso umekung'aa.

"Mama, njoo uone. Nimeiuliza seva na imenijibu."

"Nani kakuruhusu?"

"Nimemruhusu mimi, dada," Rehema akasema. "Huyu ana akili, wallahi. Mbona humfundishi?"

Mbona humfundishi. Niliimeza nikatabasamu. Tukiwa njiani kurudi uliniuliza, "Mama, kwa nini dada Rehema anajua kueleza na wewe hujui?" Hukuwa na nia mbaya. Uliuliza kama mtoto anavyouliza kwa nini jirani ana ng'ombe na sisi hatuna. Nilikuambia utembee upesi, mvua inakuja. Siku ile haikunyesha hata tone. Kesho yake uliporudi kutoka shule ulinipita mlangoni bila kuniona, ukaingia moja kwa moja kwake, na wiki ileile ukaanza kumwita Mama Mdogo.

Kazi ningeweza kumwachia. Nimejiuliza sana na naamini ningeweza. Wewe sikuweza.

Lililotokea ni hili, na nitakueleza polepole kwa sababu hukuwahi kuelezwa.

Kampuni ilikuwa na vituo vya kununulia korosho huko Tunduru. Kila kituo kilikuwa na kompyuta na simu. Jioni karani alipiga simu kwenye seva yetu, na kwa kupitia huduma ya kuhamisha mafaili aliacha taarifa zake za siku, kisha akachukua faili la ratiba: kijiji gani siku gani, na bei ya kuanzia. Shida ni kwamba makarani wote walitumia neno la siri moja. Karani mmoja akahamia kwa mnunuzi mwingine, akaondoka nalo kichwani. Makao makuu wakaagiza huduma ile ifungwe kabisa, taarifa zije kwa disketi. Wakaagiza pia utaratibu: mmoja afunge, mwingine akague, na aliyefunga asikague kazi yake mwenyewe. Wote wawili waweke sahihi kwenye daftari la chumba. Meneja akampa Rehema kufunga. Kukagua akanipa mimi.

Ilikuwa Alhamisi, Novemba, mawingu yamelala juu ya milima ya Matogoro tangu alfajiri. Nilisimama nyuma yake nikamwangalia akifanya. Aliizima huduma vizuri, kwa amri moja safi. Orodha hakuigusa. Huko alikosomea jenereta liliwaka lenyewe umeme ukitikisika tu, na seva zilikaa miezi bila kuzimika. Hakuwa na sababu ya kuiwaza orodha.

Akageuka akaniuliza. Maneno yake nayakumbuka kama amri kumi.

"Dada Skola, kuna kitu cha hapa ambacho mimi sikijui?"

Otilia, hakuna mtu aliyewahi kunipa nafasi nzuri kuliko ile. Nilikuwa na kitu kimoja tu duniani ambacho yeye hakuwa nacho, na alikuwa ananiomba kwa heshima.

"Hamna, mdogo wangu," nikasema. "Iko sawa."

Nikaenda kwenye kompyuta ya chumba cha wahasibu. Nikaiita seva kwa huduma ile, ikakataa. Nikarudia mara tatu, ikakataa mara tatu. Nikarudi nikaandika kwenye daftari: saa nne asubuhi, nimekagua kutoka mashine nyingine, huduma imefungwa. Nikaweka sahihi yangu yenye mkia mrefu. Kila neno lilikuwa la kweli. Na wakati naliandika nilikuwa nasikiliza ngurumo kwa mbali, nikitamani isogee.

Saa nane umeme ulikatika. Betri ikalia kama kifaranga kwa dakika chache, ikanyamaza. Umeme uliporudi nilisikia seva ikiamka kupitia ukutani. Nilikwenda tena kwa wahasibu, nikajidai natafuta kalamu, nikaiita. Ikanijibu mara moja, ikaniuliza jina langu na neno la siri. Nilisimama pale nikiisoma ile mistari miwili, na nakuambia ukweli wa Mungu, nilicheka moyoni. Kisha nikafunga dirisha la kompyuta nikaenda kunywa chai pamoja naye. Alinimegea chapati yake.

Sikutaka mtu aumie. Nilichotaka ni kidogo, au nilijiambia ni kidogo: siku moja meneja agundue, Rehema aaibike kidogo, na wewe usikie kwamba Mama Mdogo naye hukosea. Niliona picha hiyo vizuri kabisa, wewe ukirudi kwenye benchi langu la koridoni. Ijumaa asubuhi nikakagua, ikajibu. Nikasema nitamwambia mchana. Jumatatu ikajibu. Nikasema nitamwambia kesho. Kila nilipochelewa siku moja, kumwambia kulizidi kuwa kugumu, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza na siku zilizopita. Ukiwa na jambo la kusema, liseme likiwa bado na aibu ndogo. Sisemi hivi kwa sababu nina hekima. Nasema kwa sababu nilikaa siku sita.

Siku ya saba lori letu lilifika Namasakata likakuta uwanja mtupu. Mnunuzi mwingine alikuwa ametangulia siku moja, kijiji kilekile na bei iliyopita yetu kwa kidogo tu, kama mtu aliyesoma faili letu. Na alikuwa amelisoma. Yule karani aliyehama alikuwa bado na neno lake la siri, na mlango ulikuwa wazi.

Makao makuu wakatuma mkaguzi, mzee mmoja mpole aliyejua madaftari kuliko mashine. Aliagiza kompyuta iletwe, akaona kwa macho yake huduma inajibu. Akafungua daftari. Akatuita wote wawili mbele ya meneja.

"Mama, ulipokagua ilikuwa imefungwa?"

"Ilikuwa imefungwa."

"Una hakika?"

"Nilirudia mara tatu."

"Neno la siri la kuisimamia seva mnalijua nyinyi wawili tu?"

"Sisi wawili tu."

Akavua miwani. "Basi ilifungwa, na kuna mtu aliifungua tena. Na waliofaidika wako Namasakata." Akamwangalia Rehema, akasoma kwenye faili lake mahali alikozaliwa.

Rehema aliniangalia mimi. Alikuwa anatafuta jibu kwa uso wa mtu aliyepotelewa na kitu ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Sikuifungua," akasema. "Dada, si ulikagua? Sikurudi kuigusa, Mungu shahidi."

Neno lililotakiwa ni moja: umeme. Ningesema tu kwamba umeme ulikatika, na huduma ikaamka na seva, basi kosa lingekuwa dogo, la mgeni asiyejua mji. Lakini nikilisema, swali linalofuata lingekuwa langu: kama ulijua hivyo, mbona uliweka sahihi? Nikatazama meza. Kulikuwa na alama ya kikombe cha chai pale mezani. Nikaitazama mpaka mkaguzi akafunga daftari.

Alifukuzwa siku ileile, na jina la mwizi likamtangulia mpaka kwao.

Jioni yake alikuja hapa nyumbani kuaga. Unakumbuka sehemu yako, mimi nakupa yangu. Ulimshika kiunoni ukalia mpaka ukatapika. Yeye alinipa mkono, macho yamemvimba, akasema, "Ahsante dada. Wote wameniita mwizi. Wewe peke yako umeandika kwamba niliifunga." Nikasema Mungu atakulipia. Nilisikia uchungu, usidhani sikusikia. Na chini ya uchungu huo, kwa kuwa nimeshaamua kutokuficha, kulikuwa na furaha. Ulikuwa umebaki wangu.

Lakini hukubaki. Tangu siku ile hukukanyaga tena ofisini. Ukitoka shule ulipita njia ya nyuma na kwenda nyumbani peke yako. Nikakuita mara moja nikufundishe kompyuta, ukasema, "Si lazima, mama." Nilirudishiwa chumba changu na meneja akarudi kubisha hodi, na kila alipobisha nilishtuka. Kampuni ilipokuja kufunga ofisi zake hapa, wenzangu walisikitika. Mimi nilirudisha ufunguo nikalala usingizi wa siku nzima. Sasa nachapa barua za watu pale dukani mjini, na wewe umeniuliza mara mbili kwa nini mtu aliyewahi kusimamia seva anaridhika na hilo. Sasa umejua.

Rehema aliinuka, unajua mwenyewe. Alianza chini, kwenye duka la mtu, akakwea. Na akaanza kukuandikia, kila Krismasi, yeye Mwislamu, hakusahau hata moja. Kila ulichokijua kuhusu kompyuta ulikipata kwenye barua zile. Ulizisoma hapa mezani ukiinamisha kichwa, midomo ikitembea, na mimi nilipita nyuma yako na ufagio mahali palipokwisha kufagiwa. Ile ya kidato cha pili, uliyodhani posta imeichelewesha, haikuchelewa. Ilikaa wiki tatu chini ya godoro langu. Nilikuwa nataka kuona kama utaacha kuisubiri. Hukuacha, ulikuwa unakwenda posta kila Ijumaa, ndipo nikakuletea nikasema imefika leo. Ulinibusu.

Sasa barua ya mwisho. Ulitusomea kwa sauti, mimi na baba yako, ukafika mahali pa salamu. Ukasoma: "Mwambie dada Skola kwamba siku hizi nikikagua huduma iliyofungwa, kwanza naizima seva na kuiwasha. Hata wanafunzi wangu nawafundisha hivyo. Mwambie namkumbuka." Ukaendelea kusoma habari za chumba. Hukuona kitu, na usingeweza kuona. Mimi nilitoka nje nikashika mti wa mpera.

Anajua. Sijui amejua tangu lini, pengine miaka mingi. Fundi wa kiwango chake hakosi kuligundua jambo la umeme na orodha, na akishaligundua hakosi kujua kwamba mtu aliyekaa na seva ya Songea miaka minne alilijua kabla yake. Anajua niliweka sahihi macho yakiwa wazi. Na bado alikuwa anakuandikia kila Krismasi, na amekuandalia chumba. Nimejaribu kuona hila ndani yake, Otilia. Nimejaribu kwa bidii, kwa sababu hila ingenisaidia. Sikuiona. Hata wema wake nauonea wivu. Nauonea kuliko cheti na mashine zake nne, maana hivyo mtu husomea.

Wiki hizi mbili nimekuwa nikitafuta sababu ya kukuzuia. Nilikuambia Dar ni joto, nikakuambia baba yako presha inapanda, nikakuambia chuo cha ualimu hapa kwetu si kibaya. Yote yalikuwa kweli. Nina kipaji hicho, cha kusema yaliyo kweli na kunyamazia linalotakiwa. Ulirithi pua yangu na hasira zangu, na mara moja moja nimekusikia ukijibu swali la baba yako kwa ukweli wa namna hiyo, ukweli wa saa nne asubuhi. Ukijisikia unaufanya, simama. Jiulize ni ngurumo gani unaisubiri.

Na kitu unachokijua, mpe anayekiuliza. Nilidhani nikikigawa nitabaki mtupu. Nilikificha, na nilibaki mtupu hivyohivyo, tena bila wewe.

Nimefika mahali pagumu. Nilifikiri nikupe barua hii uisome ukishafika, kisha uamue mwenyewe kumwambia au kutomwambia. Nikaona nakutuma wewe ukaniombee msamaha, kama mtu mzima anavyomtuma mtoto kwa jirani aliyegombana naye. Nikafikiri nimwandikie yeye. Lakini barua haitazami mtu usoni, na mimi siku ile nilitazama meza.

Kwa hiyo nimemwambia baba yako asubuhi hii, kabla ya misa, kwamba kesho nasafiri na wewe. Alishangaa, maana nilikuwa nimeapa sitaki hata kufika stendi. Sikumwambia sababu, nitamwambia nikirudi. Barua hii nitakupa basi likishaondoka, nikiwa nimekaa pembeni yako, kwa kuwa nikianza kueleza kwa mdomo nitajitetea. Isome yote. Ukimaliza, kama hutaki kuniongelesha mpaka Makambako, au mpaka Morogoro, nitaelewa. Ukitaka kuuliza, uliza, nami sitakuambia tembea upesi.

Tukifika Dar, Rehema akiwa anakusubiri stendi, nitashuka mbele yako. Nitamwambia yote mimi mwenyewe, wewe ukisikia, na neno lile moja nitalisema. Akikataa kukupokea kwa sababu yangu, ana haki, tutarudi wote wawili na lawama utanipa mimi. Akikupokea, nitachukua mkono wako niuweke kwenye mkono wake. Kisha uondoke naye, usigeuke kuniangalia. Nitakuwa nimesimama pale nina wivu kama siku ya kwanza, na safari hii sitamwadhibu mtu kwa ajili yake.

Mama yako,
Skolastika